Roda ya Jahazi la Lamu

Ami alikuwa na mashua ya kufufua na itikadi moja tu: kitu kipya cha dukani ni wizi. Basi tukazunguka ufukwe wa Nungwi tukinyofoa mizoga ya vyombo.

Misumari haikufika mbali. Msumari wa zamani ukiung'oa na kuunyoosha kwa nyundo, ganda lake la zinki linabanduka. Ukiupigilia tena, maji ya chumvi yanaukuta uchi, unaota kutu, na mbao inayouzunguka inageuka nyeusi na kulegea. Fundi aliimwaga ndoo nzima. Mbao za mvule zilifaa, ila kwanza uzipitishie sumaku, maana msumari mmoja uliojificha ndani unamaliza meno ya msumeno.

Ikabaki roda ya kichwani mwa mlingoti, kapi ya kupitishia henza, ile kamba ya kupandishia tanga. Muuza vyuma chakavu mmoja akatuletea ya chuma, imepakwa grisi kama bibi harusi.

"Hii imetoka jahazi la Lamu," akaapa.

Fundi akalitikisa gurudumu, likacheza kushoto na kulia. "Pini imelika, Ami. Nafasi ya kati ya gurudumu na ubavu haitakiwi kupitisha hata ncha ya kisu, na hii inapita kidole. Kamba itateleza humo."

Ami akajibu kwamba hata magoti yake yanacheza, na msikitini anafika.

Siku ya majaribio pilau ilipikwa pwani, watu wakaalikwa. Tukatweka, tanga likapanda kwa raha, kaskazi ikalijaza. Wakati wa kurudi, Ami akaamuru, "Tua tanga!" Foromali, boriti linalobeba tanga, ikashuka shubiri mbili, ikagoma. Henza, nyembamba kuliko mfuo wa gurudumu, ilikuwa imetumbukia ubavuni, na uzito wa foromali ukazidi kuikaza.

Tukaipita pwani yetu. Wageni wanapunga mikono, na sisi tunapunga, tungefanyaje? Harufu ya pilau ikatufikia, ikatuaga.

"Fungua demani!" fundi akapiga kelele. Demani, kamba ya kulikazia tanga, ikaachiwa, upepo ukatoka tangani, mashua ikapoteza mwendo, tukatia nanga. Henza ya namna hiyo haivutwi kwa nguvu, inaondolewa mzigo. Kijana mmoja akakwea na kamba ya pili, akaifunga kwenye foromali na kuipitisha kichwani mwa mlingoti, nasi chini tukainyanyua foromali kidogo. Henza ikalegea, ikachomoka, nyuzi zimekatika nusu.

Tulipoifuta grisi ile roda, ndani ya mfuo tukakuta zege lililoganda.

Ami akaibeba mpaka kwa muuzaji. "Jahazi gani hilo la Lamu linalopandisha zege?"

Jamaa akaigeuza mara mbili mkononi. "Mzee wangu, roda hii imejenga ghorofa nne bila kulalamika. Tatizo chombo chenu kinatikisika."