Kahawa Iliyokuwa Ikicheza

Shemeji yangu ni mzaliwa wa Bukavu, Kongo, ameolewa na kaka yangu huko Paris, na Kifaransa kwake ni kama maji ya Ziwa Kivu: kakioga tangu utotoni. Mimi ni wa Tanga. Kifaransa changu ni bonjour, salamu ya mchana, na merci, asante, na hiyo bonjour yenyewe naitoa hata saa mbili usiku.

Desemba moja akanipeleka kutazama baleti, hadithi inayosimuliwa kwa kucheza: Casse-Noisette ya Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa Urusi, ile iliyochezwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1892. Kaka alibaki nyumbani na mpira wake. Alijua.

Mapumziko yalipofika nikakimbilia foleni ya kahawa. Kengele ikalia mbele yangu wamebaki watu saba. Nikarudi kitini koo limekauka, nikafungua kijitabu cha onyesho nijipoze, na humo nikakuta pameandikwa: Divertissement. Chini yake: Le Chocolat. Le Café. Le Thé.

Nikachungulia kamusi ya simu kwa kificho. Ikasema divertissement ni burudani. Tena ni kipande cha katikati kinachopachikwa ndani ya opera au baleti. Kipande cha katikati! Chokoleti, kahawa, chai! Kumbe Wafaransa waungwana, wametuwekea mapumziko ya pili, na vinywaji wamevitaja kwa majina.

Tarumbeta zilipolia tu, nikainuka. Nikaruka magoti ya safu nzima, nikakanyaga kiatu cha bibi mmoja, merci, merci. Ilinishangaza kidogo kwamba hakuna mwingine anayetoka. Shemeji alinivuta koti. Nikadhani na yeye anataka, nikamwonyesha vidole viwili: usijali, naleta vikombe viwili.

Nje, meza ya vinywaji imefunikwa shuka jeupe gubigubi. Nikamwendea kijana wa mlangoni, nikamwekea kidole kwenye kijitabu: "Le café?" Akasoma, akanitazama, akaninyooshea televisheni ndogo ukutani. Humo dada mmoja wa vazi la Kiarabu alikuwa akijinyonganyonga taratibu. "Le café," akasema kwa heshima zote. Nikasogeza kidole: "Le thé?" Akaashiria nisubiri. Kweli, wakatokea Wachina wa bandia wakirukaruka, dakika moja, wakaisha kabla sijameza mate.

Kurudi ndani, hakuna. Ukishatoka umetoka. Baleti nikaimalizia nimesimama, kwenye kioo cha ukubwa wa sinia.

Ndani ya treni shemeji alicheka hadi machozi ndipo akanieleza. Hadithi inasimama, ngoma zinapachikwa: Chokoleti ni Hispania, Kahawa ni Uarabuni, Chai ni Uchina, wote wanamtumbuiza binti wa hadithi, aliyefika kwao mgeni. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa akiandaliwa mambo hayo kwenye kasri lake la Versailles tangu miaka ya 1660.

"Si ungesema mapema," nikamwambia. "Ni kama vikundi vya sanaa vya Dar miaka ya 1980: ngoma, sarakasi, kichekesho katikati, taarabu."

"Ndiyo. Na kichekesho kilikuwa weye."

Akaongeza kwamba Pascal, yule mwanafalsafa, alikiita divertissement kila tunachokimbilia ili tusijifikirie wenyewe. Sawa. Safu nzima usiku ule haikujifikiria hata kidogo; ilinifikiria mimi.

Nyumbani akaniwekea kikombe mezani, mvuke unafuka.

"Kunywa, shemeji. Hii haichezi."