Seli za Kinga, Jamii za Watu na VVU: Tofauti Ipo, Lakini Haitokani na Damu Peke Yake

Katika miaka ya 1990, watafiti waliopima damu ya watu wazima wa Ethiopia wasio na VVU walikuta kwamba wastani wa seli zao za CD4, yaani chembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili na ambazo VVU huzishambulia, ulikuwa chini kuliko ule wa Waholanzi, na kwamba sehemu kubwa ya seli hizo ilikuwa katika hali ya kuamshwa, kana kwamba zinapambana na ugonjwa, ingawa wenyewe hawakuwa wagonjwa. Matokeo hayo yalizua swali ambalo mpaka leo halijatulia: je, tofauti za seli za kinga baina ya jamii ndizo zinazoeleza kwa nini VVU vimeenea zaidi kusini mwa Jangwa la Sahara? Wapo wanaojibu ndiyo kwa haraka, na wapo wanaokataa hata kulijadili kwa kuhofia kwamba litafungua mlango wa ubaguzi. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili huteleza mahali pamoja, kwani huchukulia kwamba tofauti ya kinga lazima iwe tofauti ya kuzaliwa nayo.

Wanaojibu ndiyo hawakosi ushahidi. Kwa kawaida VVU huingia ndani ya seli ya CD4 kwa kushika pia kipokezi kiitwacho CCR5, kilicho juu ya seli hiyo kama mlango, na huzaliana kwa wepesi zaidi ndani ya seli iliyoamshwa kuliko ndani ya seli iliyotulia. Huko Nairobi, miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono ambao wamefuatiliwa tangu miaka ya 1980, walipatikana wachache waliokutana na virusi kwa miaka mingi bila kuambukizwa, na seli zao za kinga zilionekana kuwa tulivu kuliko za wenzao. Huko Umlazi, Afrika Kusini, wasichana ambao ukeni mwao bakteria walinzi wa jamii ya laktobasili walikuwa wachache walikuwa na seli nyingi zaidi zilizoamshwa katika njia ya uzazi, na waliambukizwa VVU zaidi ya mara 4 kuliko wale ambao bakteria hao walitawala. Nako Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu wenye minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU takribani mara 2 kuliko majirani zao wasio na minyoo hiyo.

Lakini tuitazame Kyela kwa makini. Waliolinganishwa ni watu wa eneo moja, na kilichowatofautisha ni mnyoo unaoletwa na mbu. Vivyo hivyo, Waethiopia waliohamia Israel walipotibiwa minyoo, dalili za kuamshwa kwa kinga zilipungua, ilhali vinasaba vyao vilibaki vilevile. Ni kweli kwamba jambo hili halina njia ya mkato: jaribio la Kenya lililowapa watu wazima wenye VVU dawa za minyoo kila baada ya miezi kadhaa, bila kupima kwanza nani ana minyoo, halikuchelewesha ugonjwa kwa kiasi cha maana. Hata hivyo, jaribio hilo liliwahusu watu waliokwisha kuambukizwa, na swali la nani anaambukizwa ni jingine.

Upande wa vinasaba ndio unaovutia vichwa vya habari, nao ndio dhaifu zaidi kama maelezo ya jamii nzima. Mwaka 2008 ilidaiwa kwamba badiliko la jeni ya Duffy, ambalo huwakinga Waafrika wengi dhidi ya aina moja ya malaria na pia hupunguza neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, katika damu, linaongeza uwezekano wa kupata VVU; makundi mengine ya watafiti yalipochunguza takwimu zao hayakuuona uhusiano huo, ingawa baadaye utafiti wa wanawake wa Afrika Kusini uliuhusisha uchache wa neutrofili na hatari hiyo. Tuchukulie kwamba dai ni sahihi. Badiliko hilo limeenea mno Afrika Magharibi kama lilivyoenea kusini mwa bara, lakini Senegal ina maambukizi chini ya asilimia 1 ya watu wazima huku Eswatini ikiwa na takribani robo. Jeni iliyopo kote kuwili haiwezi kueleza pengo hilo. Kwa upande mwingine, badiliko la CCR5 linalowakinga watu dhidi ya aina nyingi za VVU hukamilika, yaani hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa takribani asilimia 1 tu ya watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, idadi ndogo mno kulinda bara.

Mahali ambapo tofauti hizi zina uzito wa moja kwa moja ni kwenye kipimo chenyewe. Kiwango cha kawaida cha CD4, 500 hadi 1,500 kwa kila mikrolita ya damu, kilijengwa zaidi juu ya damu za watu wa Ulaya na Marekani. Kabla ya mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4 zishuke, mtu aliyeanza na 600 na aliyeanza na 1,000 walisubirishwa mpaka wote wafike kikomo kilekile, ambacho katika mwongozo wa mwaka 2010 kilikuwa 350. Leo 200 bado ndiyo alama ya ugonjwa uliokomaa, na idadi ya CD4 hubadilika kwa jinsia, kwa ujauzito na hata kwa saa, kwani damu ya asubuhi huwa na CD4 chache kuliko ya jioni. Kwa hiyo maabara inayotumia viwango vya kuazima, bila kupima watu wenye afya wa eneo lake, haina namna ya kumweleza mgonjwa ameshuka kutoka wapi.