Muziki wa Troy uliotupwa: watazamaji walisikia nini?

Machi 2004, miezi miwili kabla filamu ya Troy, inayosimulia vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa kale wa Troy, haijaingia kwenye majumba ya sinema, kampuni iliyoitengeneza iliwaita watazamaji wa kawaida, ikawaonyesha filamu hiyo kwa majaribio, kisha ikawapa kadi za maoni. Kuhusu muziki majibu yalikuwa makali: umezidi, unameza kila kitu, ni wa kizamani, unaifanya filamu nzima ionekane kuukuu. Mtunzi alikuwa Gabriel Yared, mzaliwa wa Beirut aliyewahi kushinda Oscar kwa muziki wa The English Patient. Kazi hiyo alikuwa ameihangaikia kwa karibu mwaka mzima, akairekodi kwa okestra kamili na kwaya. Ikatupwa yote. James Horner, yule wa Titanic, akaitwa, akaandika muziki mwingine kwa takriban wiki mbili, na huo ndio uliosikika filamu ilipotoka mwezi Mei.

Yared hakunyamaza. Aliandika barua ya wazi kwenye tovuti yake kueleza uchungu wake, akaweka na vipande vya muziki uliokataliwa ili kila mtu ajisikilizie, hadi alipotakiwa aviondoe. Hapo ndipo hukumu ya pili ilipotoka. Wapenzi wa muziki wa filamu waliovisikia vipande hivyo walisema kinyume kabisa cha zile kadi: hii ni kazi kubwa, na imezikwa ikiwa hai. Miaka zaidi ya 20 imepita na ubishi haujaisha. Muziki ni ule ule, wasikilizaji ni makundi mawili, na hukumu ni mbili zisizopatana.

Nimekuwa upande wa Yared tangu nilipoisikia kazi yake kwa mara ya kwanza, na bado nipo huko. Ila sababu zangu si zile za mwanzo. Zamani nilidhani watazamaji wale hawana masikio. Leo nadhani masikio yao yalikuwa mazima kabisa, na kwamba tatizo lilikuwa kwa waliosoma kadi.

Lile lalamiko la kwanza, kwamba muziki umezidi, nalichukulia kwa uzito. Pigano la mapanga lina makelele yake tayari. Chuma kwa chuma, kwato, ngao zinazogongana, umati unaonguruma, na katikati ya vurugu hiyo mtu anatamka sentensi moja ambayo usipoisikia hutaelewa kwa nini mwenzake anakufa dakika tatu baadaye. Kinachotuwezesha kutofautisha neno na neno ni konsonanti, na sehemu kubwa ya sauti zake muhimu iko takriban kati ya hezi 2,000 na 4,000, yaani mitetemo kwa sekunde. Sasa tarumbeta zikipulizwa kwa nguvu, fidla zikipanda juu na kwaya ikafungua vinywa, vyote hivyo vinamwaga sauti humo humo. Sikio halina mlango wa pili. Ndiyo maana watunzi wazoefu wa filamu za mapigano hujifunza kukwepa: wanashuka chini kwenye ngoma na besi, au wanapanda juu kabisa, wakiiacha njia ya katikati wazi kwa ajili ya mdomo wa mwigizaji.

Kwa hiyo mtu aliyetoka ukumbini na kuandika kwamba muziki umemchosha alikuwa anasema kweli kuhusu mwili wake. Hakuja kusikiliza okestra, alikuja kutazama filamu, na kuna mahali palimuumiza.

Lakini mgonjwa anayesema kichwa kinamuuma hajasema anaumwa nini. Katika maonyesho ya majaribio sauti kwa kawaida huwa haijapangwa kikamilifu. Maneno, milipuko na muziki vimewekwa pamoja kwa muda tu, ili filamu iweze kuonekana mapema, na bado kuna wiki kadhaa za kazi mbele. Muziki unaoonekana mkubwa kupita kiasi siku hiyo unaweza kuteremshwa na fundi wa sauti kwa kidole kimoja. Unaweza pia kupunguzwa katika onyesho moja na kuachwa katika jingine, au kwaya ikatolewa na fidla zikabaki. Yared mwenyewe hakupewa nafasi ya kurekebisha chochote. Kati ya jibu la kadi na kuitupa kazi ya mwaka mzima kulikuwa na hatua kama kumi, na zote zilirukwa.

Lalamiko la pili, lile la uzamani, ni gumu zaidi, na hapa upande wangu una kazi ya kujitetea. Okestra kubwa yenye pembe na kwaya katika filamu ya majeshi na mapanga ni desturi ya miaka ya 1950. Mwaka 1959 Miklós Rózsa aliipa Ben-Hur muziki wa namna hiyo, na kwa muda mrefu huo ndio ukawa mfano wa filamu za nyakati za kale. Ila mwaka 2000 ilitoka Gladiator, na muziki wa Hans Zimmer na Lisa Gerrard ukabadilisha masikio ya watu: sauti ya mwanamke anayeomboleza kwa maneno yasiyoeleweka, nyuzi zinazopiga mpigo ule ule kwa subira, huzuni nyingi na majigambo kidogo. Mtazamaji wa 2004 alikuwa ameshazoea kwamba hivyo ndivyo zamani inavyosikika. Ukimletea zamani yenye sauti nyingine, atakwambia imepitwa na wakati, na hatakosea kwa kipimo alichonacho.

Mazoea haya yanaanzia chumba cha mhariri. Filamu inapokatwa na kuunganishwa, muziki wake huwa haujaandikwa, kwa hiyo mhariri huchukua muziki wa filamu nyingine na kuupachika kwa muda, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kwa uzi kabla ya kuishona. Mwongozaji anaitazama filamu na muziki huo wa kushikizia mara mia. Mtunzi anapokuja na kitu kipya, kinasikika kigeni, na mara nyingi anaombwa aandike kitu kinachofanana na kile kilichoshikizwa. Hii ndiyo sababu kubwa kwa nini filamu nyingi za mapigano za miaka ya karibuni zinasikika kama ndugu wa tumbo moja, na msikilizaji anayelalamika kwamba hawezi kukumbuka hata kiimbo kimoja, yaani mfuatano wa noti unaotambulika, baada ya kutoka sinema ana hoja nzito.

Horner naye amesemwa sana kwa Troy, pengine kupita haki yake. Kosa wanalomtajia wote ni zile noti nne fupi za tarumbeta, zinazozungukana karibu karibu kila hatari inapokuja. Alikuwa amezitumia katika Willow mwaka 1988 na katika Enemy at the Gates mwaka 2001, na anayezijua akizisikia tena hutoka ndani ya hadithi papo hapo. Hata mimi zinanitoa. Lakini nani ana haki ya kumdai mtu kiimbo kipya kwa filamu ya dakika 163 aliyopewa siku chini ya kumi na tano?

Na kuna onyesho moja ambalo kila mtetezi wa Yared anapaswa kulitazama kwa utulivu. Hector, mwana wa mfalme wa Troy, anatoka nje ya kuta za mji, peke yake, kwenda kupigana na Achilles, shujaa wa Wagiriki, huku baba yake na mke wake wakitazama kutoka juu. Horner hakumimina okestra. Sehemu kubwa ya pambano imebebwa na ngoma: mdundo mkavu, unanyamaza, unarudi, na katikati ya pigo na pigo unasikia mkuki ukigonga ngao, mchanga ukikwaruzwa na miguu, pumzi za watu wawili wanaochoka. Nimeujaribu mdundo huo peke yake kwenye hedifoni, macho nimefumba. Dakika moja haijaisha nilikuwa nawaza mambo mengine. Nikarudi kwenye filamu, onyesho lile lile, nikajikuta nimebana pumzi mpaka Hector alipoanguka.

Kisha nikafanya kinyume: nikasikiliza Yared bila picha. Hapo hali ikawa nyingine kabisa. Kuna viimbo vinavyorudi vikiwa vimebadilika, kwaya haipambi tu bali inabeba uzito wa watu wanaojua mji wao utaanguka, na muziki unakwenda mahali hata kama hujui nani anampiga nani. Unasimama wenyewe kwa miguu yake.

Makundi haya mawili yanapobishana, basi, kila moja linasema ukweli wa kiti lililokalia. Mmoja alikuwa gizani mbele ya skrini kubwa na spika pande zote. Mwingine alikuwa kitandani na hedifoni, anarudia kipande kimoja mara tano. Wa kwanza anauliza kama onyesho limemshika, wa pili anauliza kama muziki una la kusema. Haya ni maswali mawili, na kazi inaweza kufaulu moja na kuanguka jingine.

Wapo wanaokata mzizi wa fitina kwa kusema muziki mzuri wa filamu ni ule usiousikia. Siwezi kukubaliana nao. Mfano unaowapa nguvu ni Bullitt ya mwaka 1968, ambamo muziki wa Lalo Schifrin unajenga wasiwasi kabla ya mbio za magari, halafu mbio zenyewe zinapoanza unakatika, na kwa dakika zipatazo kumi yanaachwa magurudumu na injini vitawale. Uamuzi wa busara, na Schifrin anastahili sifa kwa kunyamaza. Ila chukua Die Hard, miaka 20 baadaye. Michael Kamen alichukua Wimbo wa Furaha kutoka Simfonia ya 9 ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, akauvunjavunja. Anakuchomekea kipande kidogo hapa, kingine pale, chini chini, kila mara majambazi wanapokaribia wanachokitaka. Unahisi unaujua wimbo huo lakini hupati nafasi ya kuukamata. Halafu mlango wa hazina unafunguka, na okestra nzima inaupiga wazi, kwa shangwe, na unajikuta unafurahia ushindi wa wezi! Hakuna mtu ukumbini asiyeusikia muziki huo. Umezidi, kama ni kuzidi, na ndiyo maana watu wanaukumbuka.

Upande wa pili wa mizani kuna The Dark Knight, filamu ya Batman ya mwaka 2008. Kwa ajili ya Joker, adui wa Batman, Hans Zimmer, aliyeandika muziki huo pamoja na James Newton Howard, alitegemea karibu noti moja ya selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inayoanza kama nzi aliye mbali na kukazwa polepole mpaka meno yanauma. Waliozoea Batman ya 1989, yenye kiimbo kipana cha Danny Elfman ambacho mtoto anaweza kukighani, walilalamika kwamba hakuna muziki hapo. Kwenye hedifoni naelewa walichokuwa wanakosa. Sinemani sikukosa chochote, nilitaka tu noti ile ikome.

Kuna jambo jingine linaloyavuruga makundi yote mawili yanayobishana kuhusu Troy. Mwongozaji wa Troy, Wolfgang Petersen, alikuwa ameshapitia hali kama hii mwaka 1997 kwenye Air Force One. Muziki wa Randy Newman ulikataliwa, na Jerry Goldsmith, akisaidiwa na Joel McNeely, akaandika mwingine kwa muda usiozidi wiki mbili. Safari hiyo kilichopatikana ni mojawapo ya kazi zinazopendwa sana za Goldsmith, wazi, yenye tarumbeta na pembe nyingi na kiimbo cha kujivunia, yaani kila kitu ambacho miaka saba baadaye kingeitwa cha kizamani. Kwa hiyo haraka peke yake haimtii mtunzi umaskini, na okestra kubwa peke yake haiui filamu ya mapigano. Waliotaja sababu hizo mbili kueleza yaliyoikuta Troy wamechukua njia ya mkato.

Ninachoshikilia ni hiki. Mtazamaji wa majaribio ni shahidi wa kuaminika kuhusu wapi, na shahidi dhaifu kuhusu kwa nini. Akisema alichoka, alichoka. Akisema sababu ni muziki wa kizamani, huenda sababu ni kwamba hakusikia jina la mtu katika dakika ya 40, au tarumbeta ziliingia sekunde mbili mapema, au onyesho lenyewe ni refu na muziki ndio uliobebeshwa lawama. Anayesikiliza nyumbani naye ni shahidi mzuri wa ufundi, lakini hajui, na hawezi kujua kwa hedifoni, kama ufundi huo ungemfunika Achilles anapozungumza. Ningependa sana kuiona Troy yote ikiwa na muziki wa Yared, ukiwa umepangwa vizuri na fundi aliyepewa muda wake, kabla sijasema kwa kiapo kwamba ilikuwa bora zaidi. Naamini ingekuwa. Sijaiona.

Na kama ningekuwa mwenye kuandika kadi zile za Machi 2004, nisingeuliza watu kama wameupenda muziki. Ningewapa kitufe mkononi, wakibonyeze kila wanapohisi wamepotea au wamechoka, bila kueleza chochote. Kesho yake ningekaa na Yared mbele ya skrini, tuzipitie dakika hizo moja baada ya nyingine, yeye akiwa na penseli na daftari lake la noti.