Nguo zikipungua, bei inapanda

Dar es Salaam ina hesabu yake ya nguo ambayo hakuna shule inayoifundisha: kadiri nguo zinavyokuwa chache dukani, ndivyo bei inavyopanda. Pale Karume mtumba umemwagwa chini mlima mzima, muuzaji kasimama juu yake anapiga makofi, "Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe!" Kariakoo zimetundikwa mpaka darini, dukani unaingia ubavuubavu. Sinza, barabara ya Shekilango, fremu ina henga za kuhesabika na midoli miwili mlangoni. Masaki ndiyo usiseme. Chumba kizima kina mashati matano, yanapigwa kiyoyozi, na kila shati lina nafasi kuliko mpangaji wa Tandale.

Haya nisingeyajua kama mke wangu asingekuwa mjumbe wa kamati ya harusi. Siku hizi kuchanga hakutoshi, kuna na rangi. Zamani mliambiwa shati jeupe, biashara imeisha. Sasa tumeambiwa "pichi iliyopauka". Rangi nilizofundishwa darasa la kwanza nazikumbuka zote, pichi haikuwemo. Nikaomba ufafanuzi, nikatumiwa picha WhatsApp. Simu yangu kioo kimepasuka, nusu ya picha ikatokea kijani.

Nikaanzia Kariakoo, maana mfuko wangu naujua. Pale ndipo Waingereza walipowaweka wapagazi wao wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mizigo haijaisha mpaka leo. Mtaa wa Kongo hutembei, unapishana. "Pisha mzigo! Mguu huo, mzee!" Mmoja anakuvuta mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wote wanakuita bosi. Naulizia pichi, naletewa rangi ya chungwa. Nasema siyo, naletewa ya waridi. La tatu ndiyo likakaribia. "Ishirini na mbili, bosi. Ukichukua sita nakupa bei ya jumla." Kifua nina kimoja, ndugu yangu, sita nayapeleka wapi?

Nikapanda mwendokasi, nikashuka Shekilango, bajaji mpaka Afrika Sana. Huko ni butiki kwa butiki, mlango wa kioo unatazamana na mlango wa kioo. Mtandaoni hawa wanaandika "bei njoo DM". Nikadhani ukija kwa miguu yako mwenyewe utaikuta bei imekaa kwenye nguo. Thubutu! Unauliza, binti anakutazama viatu kwanza, halafu ndiyo bei inatoka.

"Sitini, kaka yangu. Ila maongezi yapo."

Nikamwambia namba yangu. "Ipo stoo, nakuletea sasa hivi." Stoo gani? Nimemwona kwa macho yangu kupitia kioo akitoka, akaingia fremu ya jirani, akamvua mdoli wa watu shati. Akarudi anahema: "Lilikuwa juu kabisa." Kule nje mdoli kabaki kifua wazi, anatazama daladala.

Chumba cha kujaribia ni pazia kwenye kona. Ndani kuna maboksi ya viatu, ndoo ya kudekia na chakula cha mchana cha binti, wali maharage, nimekichungulia. Ukivaa mkono mmoja, kiwiko kinatoka nje kuwasalimia wateja. Nikatoka. "Imekukaa, kaka! Hebu geuka." Nageukaje, kifungo cha tumboni kinataka kuruka? "Hiyo ndiyo slimu, inavaliwa hivyohivyo. Usivute pumzi kubwa tu."

Halafu rangi. Chini ya zile taa zao nyeupe lilikuwa pichi kabisa, hata wewe ungeapa. Nikalisogeza mlangoni, likageuka karoti. Namwonyesha.

"Hilo ni jua tu, kaka. Harusi si ukumbini? Ukumbini kuna jua?"

Nikakosa la kujibu. Huyu binti angesomea sheria tungekoma.

Nikamwambia nazunguka kidogo, narudi. Hawaliamini hilo neno, na wana haki. Nikakodi bodaboda mpaka Masaki nikatoe ushamba. Mlinzi akanifungulia mlango na kunisalimia kwa Kiingereza. Ndani hakuna aliyenifuata wala kunivuta mkono, nikaanza kuogopa. Nikaletewa maji ya chupa, ya bure. Nikageuza kikaratasi cha bei, nikakirudisha taratibu kilivyokuwa, nikamaliza maji, nikauliza choo kiko wapi.

Nikarudi Sinza kwa yule mwanasheria. Tukaongea hayo maongezi mpaka arobaini na tano. Simlaumu sana. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi mbele, kiyoyozi kinakula umeme, na midoli nayo lazima ivae. Lakini nilipoulizia risiti, uso wake ulivyobadilika utadhani nimempa taarifa ya msiba.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, mfuko wa butiki umekuwa mali. Mke wangu aliupokea ule mfuko kwanza, akausifia kamba zake, shati akalitazama baadaye. Hivi sasa mfuko unaenda naye kazini, umebeba dagaa.

Kikao cha kamati kilichofuata ndiyo balaa. Mweka hazina naye kavaa la kwake. Lebo ya shingoni ileile, uzi umechomoza chini ya kwapa palepale. Kalitoa Kariakoo kwa ishirini, anajisifu, eti kwa sababu alichukua sita akagawana na wenzake. Akanigeukia mbele ya kamati nzima: "Na wewe shemeji, la kwako umelipata kwa ngapi?"

"Kumi na nane."

Mke wangu akapaliwa na soda. Sasa wajumbe kumi na wawili hawajanunua bado, na wameazimia, imeandikwa kwenye muhtasari, Jumamosi niwapeleke kwenye hilo duka.