Breka haioni skrubu iliyolegea

Plagi ikiwa ya moto unapoichomoa, hiyo tayari ni hitilafu. Wengi huichukulia kuwa kawaida ya umeme, na kwa kuwa breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, haijakata, wanatulia. Naona imani hiyo kwa breka ndiyo inayotuponza.

Breka hukata mkondo wa umeme unapozidi kiwango chake. Skrubu iliyolegea haizidishi mkondo. Chukua pasi inayovuta ampia 10 kupitia soketi ambayo nyaya zake hazikukazwa, na pale zinapogusana pakawa na ukinzani, yaani kizuizi kwa mkondo, wa nusu omu. Joto lake ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 10 kwa 10 kwa 0.5, yaani wati 50, zimebanana kwenye nafasi isiyozidi punje ya mahindi. Breka inapitisha ampia zake kama kawaida.

Na mambo hayaishii hapo. Shaba ikipata joto hufanya utando mweusi, ukinzani hupanda, joto nalo huongezeka. Kila ukiwasha, chuma hutanuka, ukizima, husinyaa, skrubu inazidi kuachia. Vibati vinavyoibana plagi ndani ya soketi navyo hulegea, mpaka plagi inachezacheza.

Mzigo kuzidi ni jambo jingine. Ekstensheni ya ampia 13 kwenye volti 230 hubeba takribani wati 3,000. Chomeka birika la wati 2,000 na pasi ya wati 2,000, umeshapita, na breka ya ampia 20 bado haijashtuka. Mkondo ukiwa mara mbili, joto kwenye waya huwa mara nne. Ganda la kawaida la PVC huvumilia nyuzi 70 tu, kwa hiyo ekstensheni iliyofunikwa na zulia au iliyoviringishwa ni hatari tupu.

Nawasihi sana: soketi yenye alama ya kahawia, harufu ya plastiki kuungua, mlio wa kuchacharika, usingoje. Zima mein swichi, mwite fundi akaze. Akitaka kusokota nyaya na kuzungushia tepu, mkatalie; dai kiunganishi cha skrubu ndani ya boksi lake. Na breka ikiwa inakata mara kwa mara, asikufungie kubwa zaidi eti isisumbue. Waya wa ukutani ni ule ule wa milimita za mraba 2.5, na ukizidiwa sasa, breka hiyo kubwa haitaukatia umeme mapema.