Jeshini nako kuna kazi ya kiziwi

Kila makurutu wanaposajiliwa hapa Lamu, mtoto wa mamangu mdogo husimama nje ya uwanja akawatazama wenzake wakikimbia. Ni kiziwi tangu utotoni, fundi wa injini za mashua, na kwa mbio sijaona kijana wa Langoni wa kumshinda. Hajawahi kujipanga. Safari ya mwisho aliniuliza kwa mikono: kwani gari la jeshi hutengenezwa kwa masikio?

Nami nasema wazi, simtaki kwenye doria ya usiku msitu wa Boni. Huko kijiti kikivunjika nyuma yako huenda hiyo ndiyo taarifa pekee utakayoipata, na asiyeisikia huwaponza wenziwe. Hapo sibishani na daktari wa jeshi anayepima makurutu. Lakini si kila mwanajeshi yuko doriani. Kuna mafundi wa magari, wapishi, makarani, watunza bohari, na wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa wakichambua picha zilizopigwa angani. Israeli viziwi wamesamehewa utumishi wa lazima, ila anayetaka hujitolea akapewa kazi. Marekani, mwalimu kiziwi Keith Nolan aliruhusiwa kuhudhuria mafunzo ya uofisa chuoni California, akavaa na sare, kisha akaambiwa airudishe. Hilo la sare ndilo liniumalo. Afadhali wangemkatalia mlangoni.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Lamu twalijua kwa kuliishi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 tuliwekewa kafyu. Mama mdogo alikuwa akitia komeo kabla ya maghribi, na hofu yake haikuwa magaidi peke yao: aliogopa askari atapaza sauti "Simama!" na mwanawe aendelee kutembea. Katiba ya 2010 yaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Basi na ikuzwe hata kwenye vizuizi vya barabarani. Kambi yenye kiziwi mmoja, anayekula na wenziwe sinia moja, itajua ishara ishirini kabla mwezi haujaandama, tena bila semina (semina tumezichoka).

Nilimsomea mama mdogo haya jana. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye mwanawe haendi jeshini hata masikio yakimfunguka leo.