Mzani Uwekwe Mlangoni mwa Shimo la Mchanga

Barabara ikianza kumeguka hapa Unguja, mtuhumiwa huwa ameshapatikana: tela la kontena. Linaonekana likitoka bandarini Malindi, limejaa njia nzima, linajikokota kuelekea Mtoni, na barazani hukumu inapitishwa kabla halijamaliza kukata kona. Mie sina tela wala kontena, lakini nasema tumemshika anayehusika kidogo na kumwachia anayehusika sana. Anayebomoa zaidi ni yule tuliyemzoea, anayetupita kutwa wala hatumgeukii: Fuso ya tairi sita iliyopakiwa mchanga mpaka umechongoka juu ya bodi.

Sababu haiko kwenye uzito wa gari nzima. Iko kwenye ekseli, kile chuma kinachoshika tairi za kulia na za kushoto. Lami haina habari kama gari ina tani 20 au 50. Inachokipata ni pigo la kila ekseli kwa zamu yake, na ikiwa pigo moja limezidi, haisaidii kitu kwamba jumla ilikuwa ndogo. Ndiyo maana sheria za uzito wa magari zinapanga kikomo cha ekseli pamoja na cha gari nzima. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania Bara walianza kuitumia Machi 2019, imeweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana na tani 24 kwa tatu. Jumla kuu ni tani 56, na hiyo ni kwa gari yenye ekseli saba, si kwa kila mwenye lori. Wamarekani kikomo chao kwenye barabara kuu za taifa ni pauni 80,000, kama tani 36 hivi, na ekseli moja isizidi pauni 20,000. Tangu 1975 wanayo na fomula ya madaraja juu yake: gari fupi inaruhusiwa uzito mdogo kuliko gari ndefu, kwa sababu fupi inalielemea daraja mahali pamoja.

Hayo yote yana asili yake. Kuanzia 1956 Wamarekani walijenga vipande vya barabara karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kwa kazi moja tu: kuviharibu. Waliwapa wanajeshi malori, wakazunguka na kuzunguka, kila kipande na uzito wake, tangu 1958 mpaka mwaka 1960. Barabara zilipopimwa ikatoka kanuni ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo kama makadirio: madhara ya ekseli hayapandi sambamba na uzito, yanapanda kwa kipeo cha nne. Uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, madhara si mara mbili. Ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 16.

Sasa tukae na Fuso yetu kwa kalamu na karatasi, maana hapa ndipo penye mambo. Gari tupu ina kama tani 6. Mchanga mkavu ni tani moja na nusu na kitu kwa kila mita moja ya ujazo; uliolowa unakaribia tani mbili. Bodi ikijazwa, ikaongezwa mbao za pembeni kama inavyoongezwa, si ajabu mzigo ukafika tani 15. Jumla 21. Kwa vile mzigo karibu wote unakaa juu ya tairi za nyuma, tuseme ekseli ya nyuma imebeba 15 na ya mbele 6. Kikomo cha ile ya nyuma, kwa sheria ile ya Jumuiya, ni 10. Imezidi kwa nusu tu, atasema mwenye gari. Lakini moja na nusu kwa kipeo cha nne ni zaidi ya tano. Safari moja ya gari hiyo inaikata barabara kama safari tano za ekseli iliyojaa kihalali.

Na lile tela tunalolilaani? Chukua kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, lipakie mpaka mwisho wa sheria: 8, 18 na 24, jumla tani 50. Piga hesabu ile ile ekseli kwa ekseli, ujumlishe. Unapata kama madhara ya ekseli tatu za tani 10. Fuso ya tani 21 imepata tano. Gari yenye uzito usiofika nusu ya tela inaumiza barabara karibu mara mbili yake, na mzigo iliyobeba ni mdogo. Hesabu hii ni ya makadirio na mhandisi atakuwa na nyongeza zake, aina ya tairi, upepo uliojazwa, unene wa tabaka la chini. Mwelekeo wa jibu haubadiliki.

Ukitaka kuiona kwa macho, simama pahala gari za mchanga zinapopunguza mwendo, kwenye tuta au kwenye kona, uzitazame upande. Springi za nyuma, ambazo zilitengenezwa zipinde, zimenyooka, nyingine zimeanza kupinda upande wa pili. Ukihesabu mabamba yake utakuta fundi keshaongeza mawili matatu ambayo kiwandani hayakuwamo. Tairi za nyuma zimefura ubavuni. Bodi ina mbao mpya juu ya mbao za zamani, na penye ufa kati yake mchanga unachuruzika njia nzima, ukifuatwa na maji kama umechimbwa asubuhi. Sasa shusha macho barabarani: njia mbili zimebonyea pale zinapopita tairi, na ukingoni lami imepasuka vipande vipande. Mvua ya masika ikija maji yanatuama humo, yanaingia kwenye nyufa, yanalainisha kifusi kilicho chini, na gari inayofuata inalikanyaga tope badala ya msingi. Barabara iliyovumilia kiangazi kizima inakwisha kwa wiki chache za mvua, halafu tunasema mvua imetuharibia.

Kwa nini wanapakia hivyo? Si kwa sababu madereva wetu ni watu wabaya. Mchanga unanunuliwa kwa gari. Hakuna anayeuliza tani. Anayejenga Fumba au Tomondo analipa gari moja, na kitu cha kwanza anachokifanya ikifika ni kutazama bodi imejaa vipi. Imechongoka, anaridhika. Imelala sawa na bodi, ugomvi, na kesho anatafuta dereva mwengine. Dereva naye analipwa kwa tripu, mwenye gari anahesabu mafuta kwa tripu, vijana wa chepe kule shimoni wanahesabu kwa gari. Kila mtu katika mnyororo huo anapata faida kwa kila chepe linaloongezwa, na hakuna hata mmoja anayelipia lami. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Barabara ndiyo mwenzio hapo. Na mimi na wewe tunaojenga vibanda vyetu tumo ndani ya mnyororo, tena tuko mwisho wake, ndio tunaosema "ongeza kidogo, sheikh".

Kwa hiyo wale wanaodai mizani ya barabarani kama ya Bara, naona wanaagiza nguo ya mtu mwengine. Bara wanapima njiani kwa sababu malori yanatoka kila upande na yanakwenda mbali. Gari inatoka Dar es Salaam, inapita Vigwaza penye mzani, inapimwa, inaendelea mpaka Zambia au Kongo. Barabara moja kuu, safari ndefu, ni sawa kuweka mzani katikati. Sisi mbali wapi? Kisiwa hiki kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hakifiki kilomita 100 kwa njia fupi. Mzani ukiwekwa Mahonda, siku ya pili madereva wote wanajua njia ya kuuzunguka, na vichochoro vya shamba vitabeba uzito ambao havikujengewa. Halafu gari iliyokamatwa njiani imeshaharibu nusu ya njia, na huo mchanga uliozidi utaushusha wapi, mbele ya skuli?

Lakini kisiwa kina neema moja ambayo Bara hawana. Uzito wetu una milango, na milango yenyewe ni ya kuhesabu. Kizito kinachotembea juu ya barabara za Unguja ama kimeingia kwa bahari, saruji, nondo, vigae, ama kimechimbwa hapa hapa, mchanga, mawe, kokoto na kifusi. Machimbo ya mchanga ya Kaskazini, Donge huko na Pangatupu, hayahamihami, na mchanga wenyewe ni maliasili ambayo Serikali inasimamia uchimbaji wake. Basi pahala pa mzani ni pale pale mlangoni mwa shimo. Gari inapimwa tupu, inapakiwa, inapimwa tena ekseli kwa ekseli, na ikizidi vijana wanapunguza kwa chepe pale pale, mchanga unarudi kwenye lundo, hakuna faini wala mabishano. Zipo hata mizani za kubebeka, vibao vinavyowekwa chini ya tairi, kwa wale wanaosema kujenga mzani ni gharama.

Bandarini kazi ni nyepesi zaidi. Tangu Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lililojazwa liwe na uzito uliothibitishwa kabla halijapakiwa melini kwa safari ya nje. Kontena linapotua Malindi kutoka ng'ambo, uzito wake umeshaandikwa. Kilichobaki ni mtu wa getini kulinganisha karatasi ile na ekseli za tela lililokuja kuchukua, na kumwambia dereva bila ukali: hili si lako, niletee tela la ekseli tatu. Kontena la futi 20 lililojaa vigae ndilo la kuogopwa kuliko la futi 40 lililojaa magodoro, na hili kila aliyewahi kushusha vigae analijua mgongoni.

Pemba mambo ni hayo hayo, ila kule ardhi haina huruma. Upande wa magharibi, unakopita usafiri mkubwa kutoka Mkoani kwenda Chake na Wete, ni vilima na udongo wa mfinyanzi. Huku kwetu pahala pengi chini kuna jiwe. Gari iliyozidi uzito inapanda kilima kwa gia ya kwanza, na mwendo mdogo maana yake ekseli inakaa juu ya lami muda mrefu zaidi. Ikiteremka ni breki tu na dua. Pemba ikipata barabara nzuri inangoja miaka kuipata nyingine, kwa hiyo kama kuna pahala pa kuanzia, ningeanza geti la Mkoani, siku zile zile barabara ingali mpya.

Najua jibu la mwenye gari, na si jibu la kupuuzwa. Ukimwambia ashuke mpaka tani nane na nusu za mzigo, ili ekseli ya nyuma isipite 10, anahitaji safari mbili pahala pa moja, na gharama ataipeleka kwa anayejenga. Ni kweli, mchanga utapanda bei. Lakini tazama hesabu tena: safari mbili za halali zinaumiza barabara kama ekseli mbili za tani 10 na kidogo. Ile moja ya magendo iliumiza kama tano. Na kuna njia ya kati ambayo sisikii ikizungumzwa. Lori la tairi kumi, lenye ekseli mbili nyuma, linabeba tani hizo hizo 15 ndani ya sheria, na madhara yake ni kama theluthi ya Fuso iliyojazwa. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, ningelipunguzia ushuru lori la namna hiyo na kuipandisha ada tipa ya tairi sita. Mtu haachi gari yake kwa kuhubiriwa. Anaiacha akiona nyingine inamlipa zaidi.

Tena watu wa zamani walilipata jibu lao la kubebea vizito. Ile reli ya Bububu iliyoanza 1905, ambayo tunaikumbuka kwa abiria wake tu, miaka yake ya mwisho ilibaki ikibeba mawe. Silazimishi turejeshe reli.

Kuna jambo moja la kubadilisha hata kabla ya mzani haujafika, nalo halihitaji mfadhili wala mkandarasi: mchanga uuzwe kwa tani. Stakabadhi ya shimoni iandikwe uzito, iwe na namba ya gari na ekseli zake, na faini ya gari itakayotoka shimoni imezidi imfikie aliyepakia na mwenye gari kabla ya dereva, maana dereva ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote pale. Siku mnunuzi atakapolipia tani nane akajua amepata nane, hatakuwa na haja ya kutazama kama bodi imechongoka.